Ubao Nyuma ya Pazia

Wahenga waliotuachia methali hii walikuwa na vidole vya miguu kama sisi. Walijikwaa kwenye mawe na vizingiti, wakaruka kwa mguu mmoja, wakapuliza ukucha, na baada ya siku chache wakasahau hata walijikwaa wapi. Kisha mmoja wao akajikwaa ulimi. Hilo hakulisahau, wala aliyeambiwa hakulisahau. Ndipo wakasema: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Maana yake haihitaji mwalimu kuieleza. Lakini mwanamke wa kisa hiki alikuwa mwalimu, na methali hiyo aliifundisha miaka nenda miaka rudi, akitoa mifano ubaoni na kusahihisha insha za watoto wa watu kwa kalamu nyekundu. Mtu aliyeijua kiasi hicho ndiye aliyeivunja, jamani.

Mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Alikuwa na ulimi mwepesi, na hakuona haya kujisifia. Penye kikao watu walingoja aseme ndipo wacheke, na penye ugomvi waliomba asiseme. Mumewe, mtu mpole wa maneno machache, alizoea kusema kwamba nyumba yao haikuhitaji redio. Mtu mmoja tu duniani hakumwita Mwalimu wala mama fulani. Huyo alikuwa mdogo wake wa kiume, fundi seremala, ambaye tangu utotoni alimwita Kamanda. Walipokuwa wadogo dada ndiye aliyetoa amri zote: chota maji, fagia hapa, njoo upesi. Mdogo wake aliitikia kwa kukaza uso na kupiga saluti, na hata alipoota mvi bado alisimama mlangoni pa dada yake akapiga saluti ile ile, na dada akacheka kicheko kile kile.

Wenzake kazini walimwita Pimamaji, kwa jina la kile kifaa chenye kitone cha hewa kinachoonyesha kama kitu kimelala sawa. Hakutoka nyumbani bila nacho. Hata akikaribishwa chai, alitikisa meza kwa kidole kwanza. Na ngazi ya kuegemeza ukutani hakuipanda, wala hakumruhusu mtu kuipanda, mpaka aifunge kamba juu na chini. Wateja walimtania kwamba anaogopa kufa kuliko tajiri. Yeye alitabasamu tu, akaendelea kukaza fundo.

Sababu ya woga huo ilijulikana nyumbani kwao, na haikutajwa. Alipokuwa mvulana, baba yao alipanda ngazi ya mbao kuziba paa lililovuja, naye akapewa kazi moja tu, kuishika ngazi isiteleze. Akaiachia. Baba akaangukia mgongo, akalala kitandani muda mrefu, kisha akafariki. Wajomba walimuuliza mvulana kwa nini aliiachia, shangazi wakamuuliza, naye akainamisha kichwa asijibu neno. Mwishowe mama yao akapiga marufuku swali hilo nyumbani mwake. Na katika ukoo wote, aliyemtetea zaidi alikuwa dada yake. Yeyote aliyethubutu kulidokeza jambo lile mbele yake alikiona cha mtema kuni.

Basi, Mwalimu alikuwa na nyumba ya ghorofa moja, na ndani yake ngazi ya zege iliyofunikwa zulia kuukuu. Zulia lenyewe lilikuwa limechakaa hata rangi yake ya kwanza ikawa suala la mabishano. Mama yao, ambaye kila mtu pale alimwita Bibi, aliishi chumba cha juu. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, lakini hakutaka kushikwa mkono. Alishuka mwenyewe kila asubuhi, kiganja kikiteleza juu ya reli, uso mbele kama mtu anayeona hadi mwisho wa barabara. Ukimwambia apunguze mwendo, alikujibu kwamba miguu yake ina macho yake yenyewe, na ngazi ile inaijua kuliko anavyokujua wewe.

Mwalimu alipoamua kuivalisha ngazi mbao ngumu, hakutafuta fundi mwingine. Pimamaji akaleta mbao za rangi ya asali iliyokolea, akazipanga sebuleni, akakataa kuzigusa kwa siku kadhaa. Dada akamuuliza kama amekuja kufanya kazi au kuweka ghala. Akajibiwa kwamba mbao ni kama mkwe mpya, sharti akae kwanza azoee hewa ya nyumba. Ukimpachika siku ya kwanza atajikunja mbele ya wageni. Siku ilipofika alilibandua zulia, na chini yake wakakuta vibanio vya nywele, kijiko, na ufunguo wa kabati ambao zamani mume wa Mwalimu aliwatuhumu watoto wote kuuiba. Walicheka mpaka Bibi akaita kutoka juu kuuliza nani kavunjika. Shemeji huyo wa fundi aliutia ufunguo mfukoni, akasema hakumbuki kumtuhumu mtu.

Kazi yenyewe ilikwenda polepole, kwa namna ya Pimamaji. Alisema katika ngazi hakuna vidato viwili mapacha, hivyo kila kidato alikikatia kipande cha boksi kwanza, akakipima kona kwa kona, ndipo akakata mbao. Alipaka gundi, akakaza skrubu, akavifukia vichwa vyake, akaweka makopo ya rangi juu ili mbao ishikane na zege, na kila mara akalaza pimamaji lake na kuinama kukitazama kile kitone kama daktari anayesikiliza kifua. Alipomaliza kupiga msasa na kupaka vanishi, ngazi ilikuwa ng'aring'ari. Mwalimu aliishika reli, akashindwa kusema, jambo ambalo mumewe alilitangaza kuwa la kihistoria.

Ilibaki sakafu ya sebule. Nayo ilikuwa ivalishwe mbao zile zile, lakini fundi alihitaji kwenda kuchukua mbao za mwisho na gundi. Hapo palikuwa na jambo moja dogo. Kila kidato kilikuwa kimepanda kwa unene wa ubao, hivyo kutoka kimoja hadi kingine hakuna kilichobadilika. Lakini sakafu ilikuwa bado chini kama zamani. Anayeshuka, alipofika mwisho, angeikuta chini kidogo kuliko miguu yake ilivyozoea. Kwa mtu mwenye macho ni kitu cha kushtuka na kucheka. Kwa Bibi ilikuwa habari nyingine. Kwa hiyo Pimamaji alichukua ubao mpana wa unene ule ule, uliojaa madoa ya rangi na gundi, akaulaza sakafuni, mbele ya kidato cha mwisho.

"Ubao huu ni sehemu ya ngazi mpaka nimalize sakafu," alimwambia dada yake. "Miguu ya mama haijui kama tumejenga. Usiusogeze, Kamanda."

Mwalimu alimwambia ameelewa, kwani yeye si mtoto. Pimamaji akapiga saluti, akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata jua lilipenya dirishani, likaimulika ngazi kidato kwa kidato. Mwalimu aliitazama akaona ni dhambi uzuri ule usionwe na ndugu. Akachukua simu apige picha, awarushie kwenye kundi la ukoo. Lakini kila aliposimama, ule ubao wa madoa uliingia kwenye picha na kuiharibu. Aliuinua, akauegemeza ukutani nyuma ya pazia. Ni wa dakika moja tu, alijiambia. Akapiga picha, akaichagua iliyo bora, akaituma, na kabla hajaurudisha ubao simu ikaanza kulia kwa pongezi. Huyu anauliza fundi ni nani, yule anataka kujua aina ya mbao, mwingine anasema ngazi hiyo ni ya ikulu. Mwalimu akaenda nayo jikoni, akijibu huku akicheka peke yake. Ubao akausahau kabisa.

Juu, Bibi alifungua mlango wa chumba chake. Akashika reli kama siku zote, akashuka kama siku zote.

Kishindo chenyewe hakikuwa kikubwa. Mwalimu alisimulia baadaye kwamba kilichomtoa jikoni hakikuwa kishindo, ni ule ukimya uliofuata. Alikuta mama yake amelala chini ya ngazi, mguu mmoja umekunjika chini yake, macho yamefumbwa, na damu ikimchuruzika juu ya nyusi. Alitaka kumwita mama, sauti haikutoka. Mumewe alikuja mbio kutoka uani, majirani wawili nyuma yake. Na katika dakika hiyo hiyo mlango wa mbele ukafunguliwa, akaingia Pimamaji, kopo la gundi mkononi, mkono wa pili tayari umeanza kupanda kwenye paji la uso.

Hofu ikimshika mtu hutafuta wa kumtupia lawama. Mwalimu alimgeukia mdogo wake, na sauti iliyokuwa imekwama ikafunguka.

"Baba hakukutosha? Sasa umetaka na mama?"

Majirani walitazamana, kisha wakatazama chini, kama watu waliofungua mlango wa chumba kisicho chao. Shemeji alifumba macho. Ule mkono uliokuwa ukipanda ulibaki hewani kitambo, kisha ukashuka taratibu. Pimamaji aliliweka kopo chini, akapiga magoti, akasikiliza pumzi ya mama yake, akamfunga jeraha kwa leso yake mwenyewe, akaunyoosha mguu kwa uangalifu uleule aliokuwa akilazia mbao. Kisha akamwinua akisaidiwa na shemeji yake, wakamtoa nje kwenye gari la jirani. Hakumtazama dada yake hata mara moja. Na Bibi, ambaye wote walidhani amezirai, alikuwa amefungua macho.

Mwalimu aliambiwa abaki achukue shuka na dawa za Bibi, awafuate. Alikimbia huku na huku, hajui ashike nini aache nini. Alipolivuta pazia apate mwanga, ubao ukateleza ukutani, ukaanguka miguuni pake.

Aliutazama, na kwa muda hakuelewa kwa nini ubao wa ngazi uko pale. Kisha akaelewa. Akaketi sakafuni, pale pale mama yake alipoangukia. Simu ilikuwa bado ikilia mfukoni. Aliitoa bila kujua anafanya nini, akaona shangazi mmoja ameandika, "Hongereni wanangu, mwambieni fundi mikono yake idumu." Mwalimu aliisoma mara kadhaa, kisha akaizima simu.

Hospitalini walimwambia kilichomfika Bibi ni kifundo cha mguu kuteguka na mchaniko mdogo usiohitaji hata nyuzi. Angetembea kwa fimbo kwa muda, basi. Mwalimu alishukuru Mungu kwa sauti, akauliza mdogo wake yuko wapi. Mumewe alisema amekaa mpaka daktari aliposema mama ni mzima, kisha akaondoka. Hakuaga. Mwalimu akaingia alipolala mama yake, akapiga magoti kando ya kitanda, akakiri palepale: ubao aliuondoa yeye, kwa ajili ya picha.

"Nimejua," Bibi alisema. "Mwanangu yule hawezi kuacha ubao mahali pabaya. Mguu huu utapona, usiulilie. Lilie ulichosema."

Mwalimu alisema atamwomba radhi, hata kwa magoti. Alisema ilikuwa hofu, hakuwa na nia, wala hajawahi kumfikiria hivyo. Bibi alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha, kwa sauti ya chini, akamuuliza kama anakumbuka alikuwa wapi siku baba yake alipoanguka.

Angekosaje kukumbuka? Alikuwa anatoka kuchota maji. Ndoo ilikuwa imejaa mno, shingo inamuuma, akafika uani akaitua chini, na hapo hapo akasikia kishindo upande wa pili wa nyumba.

"Ndoo imejaa pomoni," Bibi alisema. "Ulijitua mwenyewe?"

Kumbukumbu ile Mwalimu alikuwa nayo siku zote, wala hakuwahi kuigeuza upande wa pili. Sasa aliiona yote: ndoo ikishuka kutoka kichwani, maji yakimwagika, na mikono midogo iliyoipokea upande wa mbele. Akasikia na sauti yake mwenyewe kabla ya hapo, ile ya amri, ikipasua uwanja: njoo unitue upesi, naanguka. Akamwona mvulana akija mbio, uso umekazwa, akipiga saluti huku anakimbia.

"Baba yako alimsikia ukimwita," Bibi aliendelea. "Aliniambia kitandani. Nikamuuliza mdogo wako, akasema ni kweli, akaniomba nisikwambie. Alisema, 'Atalia sana, mama. Acha waseme ni mimi.' Alikuwa mtoto wa kukosea hata kufunga vifungo vya shati, na akaushika ulimi wake mpaka leo. Mimi nikamwachia. Pengine nilikosea."

Mwalimu hakulia. Watu hudhani mshtuko hutoa machozi. Wakati mwingine huyakausha. Alikaa pale sakafuni akitazama mguu wa mama yake uliofungwa bendeji. Miaka yote hiyo alijiona yeye ndiye ngao ya mdogo wake.

Kazi haikuachwa njiani. Pimamaji alikuja akaivalisha sakafu ya sebule, lakini alikuja saa ambazo dada yake yuko shuleni, akaondoka kabla hajarudi. Kitu cha kwanza alichofanya, shemeji alisema, kilikuwa kuurudisha ule ubao chini ya kidato cha mwisho, kisha akaupigilia misumari. Aliutoa mwenyewe siku sakafu ilipofikia ngazi. Mwalimu alitafuta hila ya kumkosoa ili apate sababu ya kumwita arudi. Alilaza hata chupa ya maji sakafuni aone kama itabingirika, nayo ikatulia tuli. Simu zake zilipokelewa kwa adabu na kukatwa kwa adabu. Alipomwambia ana neno la kumwambia ana kwa ana, alijibiwa kwamba karakana iko wazi siku zote.

Akapiga moyo konde, akaenda. Mdogo wake alikuwa akipiga randa, maranda yamemfika vifundoni, penseli sikioni. Alipomwona alisimamisha kazi, akavuta kigoda, akakitikisa kwa kidole kuhakikisha hakichezi, akakifuta vumbi.

"Karibu, Mwalimu," alisema.

Neno hilo halina ubaya. Mtaa mzima ulimwita hivyo kila siku, naye aliitika kwa furaha. Lakini kutoka kinywani mle lilimpiga kifuani hata akashindwa kuketi. Alisema yote akiwa amesimama: ubao, picha, ndoo, ile amri yake, na maneno aliyoyatoa mbele ya watu. Alisema angekuwa na uwezo angeung'oa ulimi wake auache pale juu ya meza. Sasa machozi yalikuja, tena bila kikomo, na mdogo wake akamsubiri, akimshika kiwiko asianguke juu ya vipande vya mbao.

"Nilikusamehe siku ile ile," alisema. "Kabla hatujafika hospitali. Sina kinyongo na wewe, Mungu shahidi."

"Basi niite kama zamani," dada yake alimwomba. "Mara moja tu."

Pimamaji alimtazama, na uso wake ulionyesha kwamba anataka. Alifungua kinywa. Mkono wake ukaanza kupanda kuelekea paji la uso, ukafika kwenye sikio, ukasita hapo, kisha ukachukua penseli na kushuka nayo. Akakitazama kichwa cha penseli kwa muda mrefu.

"Haiji," alisema kwa upole. "Najaribu, haiji. Nikifika hapo nasikia lile lingine. Labda siku moja itakuja yenyewe."

Alimsindikiza mpaka barabarani, akamsimamishia gari, akamwambia amsalimie mama. Alibaki kuwa ndugu mwema. Palipokuwa na ugonjwa alifika, palipokuwa na shughuli alichanga, na wajukuu wa dada yake aliwabeba mabegani kama kawaida. Ila mlangoni alibisha hodi kama watu wengine, akaingia mikono ikiwa chini, akasema, "Hamjambo, Mwalimu."

Bibi alipona kabla mvua hazijaanza. Fimbo aliitupa uvunguni, akarudia kushuka mwenyewe, kiganja juu ya reli, uso mbele, na kidato cha mwisho kikamshusha sakafuni sawasawa kama zamani. Ukimuuliza ni mguu gani ulioteguka, atafikiri kidogo, atainua mmoja, kisha atasema labda ni ule mwingine. Mwalimu husimama chini ya ngazi kila asubuhi kumpokea. Siku hizi husema maneno machache. Na mlango wa mbele ukifunguliwa, kabla hajageuka, hunyamaza kabisa akisikilizia, huenda leo ataitwa Kamanda. Mtu wa namna hiyo huhitaji kufundishwa tena kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi?